Mfuo Kwenye Chuma

Tone jeusi lilijikusanya chini ya injini, likaning'inia, likaanguka. Évariste alilitazama kama mtu aliyetukanwa mbele za watu. Hiyo ilikuwa spi ya pili kuifunga: pete ya mpira inayozuia mafuta yasitoroke pale mhimili wa injini unapotokeza nje. Nayo ilivuja kama ya kwanza.

"Acha sasa, Évariste," alisema Mama Bertille, mjane wa Papa Omer, mwenye gari. "Ule muntu wa Kabimba, mununuzi wa vyuma, anakuja saa kumi. Atalikata vipande, basi."

"Mama, njo mipira mibaya ya siku hizi."

"Yote mbili? Ama njo fundi amezeeka?"

Alicheka, lakini macho yake yalibaki kwenye gari.

Évariste alirudi chini. Ni chini ya gari hili hili la buluu Papa Omer alikomfundisha kazi, miaka ile Zaire ilipokuwa bado jina jipya mdomoni. Lilipeleka maharusi Mpala, likarudi limejaa samaki wakavu na nyimbo. "Gonga mpaka iguse mwisho," marehemu alizoea kusema, na hata leo sauti ile ndiyo iliyoongoza nyundo.

Aliichomoa spi, akapitisha ukucha juu ya chuma cha mhimili. Ukucha ukakwama.

Mfuo. Mwembamba kama uzi, umezunguka chuma chote. Kwa miaka na miaka mdomo wa mpira ulikisugua pale pale, vumbi la barabara ya Kongolo likausaidia, hadi kilaini kikakila kigumu. Kila spi mpya ilikwenda kulala katika mfuo ule, mafuta yakapita chini yake. Aliitukana mipira bure. Kilichomponza ni utii wake: kila spi aliigonga mpaka mwisho, kama alivyofundishwa.

Ilibaki spi moja tu. Nyundo ilimwia nzito.

"Unisamehe, Papa," alinong'ona. Akagonga polepole, akasimama milimita mbili kabla ya mwisho, mdomo wa mpira ukashika chuma ambacho hakijaguswa.

Injini ilinguruma nusu saa. Karatasi aliyoitandika chini yake ilibaki nyeupe. Nje, honi ya mnunuzi ikalia mara mbili.

Mama Bertille hakwenda kumfungulia lango. Aliingia upande wa dereva, mahali ambapo miaka yote hiyo hakuwahi kukaa, akaushika usukani kwa mikono miwili.

"Évariste, hii pedali ya kushoto, njo ya nini?"