Jin ya Plamsi Inayoleta Usingizi

Jumamosi mchana Phelister alikuwa amekaa kwa kiti kidogo cha jikoni akipasua matunda ya plamsi. Alikata katikati, akatoa mbegu na kidole gumba, akaangusha nyama yake ndani ya chupa kubwa ya glasi yenye iliwahi kuwa ya achari. Juu akamwaga sukari, halafu jin ya bei ya chini kutoka duka la pombe la hapo chini, mpaka plamsi zote zikazama. Akafunga kifuniko, akatikisa, akasukuma chupa chini ya sinki, nyuma ya gunia la makaa, mahali jua haliingii. Hapo ingekaa kama wiki mbili ikigeuka nyekundu.

Watu walisema ni jin ya anti yake, Jacklyne. Jacklyne mwenyewe alionja tu na ncha ya kijiko kuona kama sukari imetosha, kwa sababu alikuwa na presha.

Nyumba ya Jacklyne ilikuwa mtaa wa Mowlem, Eastlands, ghorofa ya nne, na maji hayakuwa yanapanda. Mfereji ulikuwa karibu na geti. Phelister alibeba mitungi mpaka juu, mmoja kila mkono, na ule wa kushoto ulikuwa na mshikio umevunjika. Alifua nguo za watu wanne, akapika, akapiga deki, akamchemshia Omolo, bwana ya Jacklyne, maji ya kuoga. Alikuwa amekuja kutoka Siaya akimaliza fomu foo. Mama yake aliambiwa kwa simu kwamba msichana asaidie kidogo tu, halafu Januari Jacklyne amlipie chuo asomee umeme. Januari ikasongezwa mpaka Mei. Mei ikasongezwa mpaka Septemba. Phelister alitaka hiyo umeme kabisa. Taa ya ngazi ikizima, alisimama hapo chini yake akiangalia vile waya zimepita, na mitungi bado iko mkononi.

Wiki mbili zikipita, Jumapili baada ya kanisa, chama cha kina mama kilikutana kwa Jacklyne. Jin haikuletwa kwa glasi. Ilitiwa kwa thamosi na kumiminwa kwa vikombe vya chai na visahani vyake, kwa sababu mke wa pasta alipenda kupitia bila kupiga simu. Waliita chai baridi.

Wa kwanza kuhisi alikuwa Wangeci, mwenye anauza mapazia Kayole. Alikunywa nusu kikombe, akaweka chini, akavua viatu.

"Ngai, visigino zangu," akasema. "Kwani leo nimetembea wapi?"

"Wewe? Umeletwa na boda mpaka mlangoni," Mama Frankline akamwambia. Mama Frankline alikuwa anafanya kazi benki. Alicheka, halafu akashika bega lake la kushoto.

Waliulizana. Bega lilikuwa lile lile kwa wote. Mgongo pia, hapo chini karibu na kiuno. Vidole viliwasha kama vimekaa kwa sabuni ya kufulia tangu asubuhi. Walilinganisha polepole, vile watu hulinganisha shule za watoto.

"Huu si uchovu wangu," Mama Frankline akasema. "Mimi huchoka kichwa. Huu ni wa mtu wa kubeba maji."

"Na hapa nani hubeba maji?" Wangeci akauliza.

"Ni Phelister," Jacklyne akasema.

"Aah."

Wote wakageuka wakamwangalia Phelister, mwenye alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya mandazi.

"Pole, mrembo," Wangeci akamwambia. "Haki wewe unachoka."

"Asante," Phelister akasema, na mandazi ikazunguka.

Halafu usingizi ukawabeba wote, isipokuwa Jacklyne. Walilala wakiwa wameketi, kichwa cha huyu kwa bega la yule. Mke wa pasta alipitia kweli. Akadhani ni maombi ya kimya, akafunga macho pia, akamaliza yake, akaenda bila kusumbua mtu. Wakati waliamka jua lilikuwa linashuka na nyuso zao zilikuwa laini kama za watoto. Wangeci alisema hajawahi kulala hivyo tangu bwana yake asimamishwe kazi.

"Mama Tiffany," akamwambia Jacklyne akivaa viatu, "hiyo chai yako niwekee chupa mbili za kubeba."

Eastlands watu wengi hawalali. Kuna baa zinapiga ngoma mpaka asubuhi, kuna karo, kuna mwenye nyumba. Kwa hivyo jin ikatembea. Ikaenda Umoja, ikaenda Kayole. Mwenye buchari mmoja soko la Burma aliweka jin ya nanasi ndio watu wakunywe na nyama choma, lakini mteja wa kwanza alilala na mbavu mkononi, wakamfunika na aproni, na huyo mwenye buchari akarudi kuuza soda. Chini ya sinki kulijaa, chupa zingine zikawekwa chini ya kitanda ya Phelister. Nanasi, tri tomato, plamsi. Tunda lilibadilisha rangi na utamu peke yake. Bega lilibaki lile la kushoto.

Omolo naye alikunywa siku ya Ijumaa akitoka kazi.

"Nyinyi mnachosha huyu msichana," akasema akisugua goti. "Haki si vizuri. Kesho mtu amsaidie."

Alisema kutoka moyoni. Halafu akalala mpaka Jumamosi karibu saa nne, na kufika hapo maji ilikuwa imeshapandishwa.

Watu wengi walisikitika namna hiyo. Walimsalimia Phelister kwa jina huko chini kwa geti. "Sasa Phelister, leo magoti inaendeleaje?" Kina mama wa chama wakachanga wakamnunulia dawa ya kuchua, ile inanukia mpaka kwa majirani, na malapa mapya. Siku moja Wangeci alimpa kikombe chake mwenyewe.

"Wewe ndio unatengeneza na hujawahi kuonja. Kunywa bana."

Phelister akakunywa yote. Wakangoja.

"Unasikia nini?"

"Plamsi," Phelister akasema.

Tiffany, msichana wa Jacklyne, alikuwa fomu thrii. Hakupewa jin, lakini alikuwa na macho. Wakati wa likizo ya Agosti alianza kushuka kwa mfereji bila kutumwa na kubeba mtungi wenye mshikio umevunjika. Jioni alimchua Phelister bega na ile dawa, na Phelister akamwonyesha vile plagi hufunguliwa na kufungwa, waya ya kahawia inakaa wapi, ya bluu inakaa wapi. Walicheka sana na ile plagi. Jin ya hizo wiki ilitoka nyekundu, tamu, imetulia kwa chupa vizuri tu.

Wangeci aliirudisha.

"Mama Tiffany, hii ni pombe," akasema. "Nimepiga miayo mbili halafu nimekesha nikihesabu mabati."

Mama Frankline akarudisha yake pia. Jacklyne hakupigia mtu kelele. Aliuliza maswali machache, akaelewa. Dawa ya kuchua akaiweka juu ya kabati, akasema itashushwa jin ikishachujwa.

"Na wewe Tiffany, ushike vitabu," akasema. "Kazi ya mtoto ni kusoma."

Chupa zilizofuata zilifanya kazi.

Agosti ikiisha, Phelister alienda sebuleni akasimama mbele ya anti yake. Alikuwa amefunga mikono nyuma.

"Anti, chuo inafunguliwa Jumatatu. Mama anauliza."

Jacklyne alikuwa anapanga chupa kwa katoni. Aliangalia katoni, akamwangalia Phelister. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesomesha wadogo wake wawili na hakuna mwenye alimshukuru.

"Ngoja," akasema. "Wacha kwanza nijue. Watu wote wanajua isipokuwa mimi."

Akamimina kikombe kizima, akasahau presha, akakunywa bila kupumzika.

Ilimshika kwa miguu kwanza, ikapanda. Alifika kwa bega akakunja uso. Akaangalia vidole vyake vyenye kucha za rangi kama vinamwasha kutoka ndani. Lakini kulikuwa na kitu kingine hapo chini ya mgongo, chenye wale wengine hawakutaja, labda kwa sababu si wao waliahidi mtu. Ilikuwa kungoja. Kungoja pia kunachosha mwili, na Jacklyne alihisi Januari yote, na Mei yote, vile ilikuwa imekaa ndani ya Phelister. Akaanza kulia, si kwa sauti.

"Mtoto wa dada yangu," akasema. "Kumbe ni hivi."

"Ndio, anti."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Jacklyne akamvuta, akamshika mkono na mikono yake yote miwili. Machozi yalikuwa ya kweli, na mkono aliushika vizuri, kama mtu anajua hasa penye unauma. Usingizi ulikuwa umeanza kumbeba, na alipigana nao ndio amalize kuongea.

"Januari," akasema. "Wateja watakuwa wamepungua. Januari, lazima."

Kisha akalala hapo kwa kochi, mdomo wazi kidogo. Phelister akamvua viatu. Akaleta leso akamfunika.

Tiffany alikuwa mlangoni na kitabu cha fizikia.

"Akiamka atakuwa amesahau?" akauliza kwa sauti ndogo.

Phelister alifikiria hilo swali. Alifikiria Wangeci na Mama Frankline na Omolo, na wale wote wa chini kwa geti wenye humuuliza magoti.

"Hapana," akasema. "Huwa hakuna mwenye anasahau."

Akachukua kisu, akarudi jikoni. Kulikuwa na nanasi tatu, na zilikuwa zimeiva.