Idara ya Kugawa Baba

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwamba shule yetu ilipata Idara ya Kugawa Baba kwa Wasio Nao. Mkurugenzi mimi, karani mimi, mfagizi mimi. Ofisi ilikuwa nyuma ya vyoo vya bweni, mahali pekee ambapo simu niliyoificha ilishika mtandao.

Mteja wa kwanza alikuwa Kijiko, jirani yangu wa kitanda, anayelelewa na mama peke yake. Siku ya wazazi ilipokaribia, wenzetu walimchokoza: "Kijiko, mzee wako mwaka huu atakuja, au bado anatafuta viatu?" Yeye alicheka tu, akaendelea kukunja shuka. Nikamhurumia. Nikampigia mwalimu mlezi, ili habari ivume kwamba Kijiko naye ana baba.

"Mimi ni baba yake Kijiko," nikanguruma. Sauti yangu imekomaa kabla ya ndevu. "Jumamosi nakuja kumwona mwanangu."

Mwalimu akauliza polepole, "Unapiga kutoka wapi?"

Nikakata, nikijipongeza.

Mchana huohuo geti lilifungwa kwa mnyororo. Mlinzi, ambaye husinzia mpaka nzi wanamwonea huruma, alisimama wima na rungu mkononi. Mpira wa jioni ukafutwa. Matroni akaja kuhamishia godoro la Kijiko chumbani kwake, hakusema neno. Matroni asiposema neno, jua kuna jambo.

Kijiko alikuwa akihangaika na kamba za viatu.

"Vipi, ndugu yangu?"

"Ametupata."

"Nani?"

"Baba." Alishika kovu lililo nyuma ya sikio lake. "Tumehama mji baada ya mji. Hapa mama alimwambia siri yetu mwalimu mlezi peke yake. Mwalimu akaahidi hakuna mtu atakayeniulizia akajibiwa. Hata siku ya wazazi mama haji. Mwalimu humwingiza Jumatatu, kupitia mlango wa jikoni."

Kumbe shule ilikuwa na idara yake, tena ya siri, ikifanya kazi bila matangazo.

Mama yake akafika bwenini pamoja na mwalimu mlezi aliyemwita, bado na aproni ya kiwandani, unga wa mikate mpaka kwenye viwiko. Shikamoo zetu hakuzisikia.

"Funga vitu, mwanangu. Tunaondoka."

"Mama, tumejipanga," mwalimu mlezi akasema. "Hapa yuko salama kuliko barabarani. Na mitihani imekaribia."

"Umekuwa ndugu kwangu, mwalimu. Lakini yule akishaujua mlango, hasubiri kukaribishwa."

Nje, gari lilipunguza mwendo karibu na ukuta. Mama akamvuta Kijiko chini, kati ya vitanda. Gari likapita.

Kijiko aliinuka, akaanza kusukuma vitabu ndani ya begi. "Kandambili nakuachia," akaniambia. "Huko sijui kama nitasoma."

"Msihame," nikaropoka. "Haji. Jumamosi haji, wala siku nyingine. Hajui mko wapi."

Mama aligeuka. "Wewe mtoto, umejuaje?"

Nilitafuta uongo, mimi huwa nina akiba. Siku hiyo ghala lilikuwa tupu. Mwalimu mlezi alikuwa ananitazama, na niliona sauti yangu inamrudia masikioni.

"Ni mimi niliyepiga," nikasema. Kijiko alikaa juu ya begi, uso ukutani. "Nisamehe, mama. Nilidhani anatamani kuwa na baba."