Ng'ombe wa Kwenye Simu

...na wala haizunguki, programu imefunguka zamani, vijiti vyote vya mtandao vimesimama pale juu ya kioo, hapa Sikuda, ng'ambo ya mpaka, laini ya Kenya inashika kwenye kichuguu hiki tu nyuma ya jiko, wenyeji wenyewe ndio walionielekeza, panda pale, nami nimepanda na viatu vyangu vya mchuchumio, nimeinua simu juu na kukunja uso kama mtu anayehangaika, na kule chini ya turubai wamenigeuzia shingo wote, wa kwetu niliokuja nao kutoka Merikit, na wenyeji, na katikati yao kaka yangu Emoit ndani ya suti ya kuazima, kola imemkaba, na imkabe, "Dada, imekuja?" anaita, nami, "Bado inazunguka," kwa sauti tamu, sauti ya kusoma matangazo kanisani... aache asubiri, leo ndiyo siku yake, leo anamtolea mahari Phiona, na ng'ombe hakuna, minada imefungwa kwa karantini, ugonjwa wa miguu na midomo, mnyama haruhusiwi kuvuka hata barabara, basi wazee wakakubaliana bei ya ng'ombe itumwe kwa simu, na simu yenyewe ni hii yangu, na fedha yenyewe iko ndani ya Kibindo, mfuko wa uwekezaji wa mtandaoni, kwa jina langu, Aanyu, kwa kitambulisho cha Kenya nilichokipata kwa kuolewa ng'ambo, asante Griffins mume wangu, hicho ndicho kitu pekee ulichonipa kisichoacha alama... mzee Imalingat, baba mdogo wa Phiona, anatoa mrija mdomoni, anauacha uelee kwenye chungu cha pombe, "Sasa hii ng'ombe ya simu, kamba tutafunga wapi?" na wanacheka, hata wa kwetu wanacheka, Emoit anacheka akiwa amechelewa, jasho linamteremka sikioni, "Sisi hatutakaa hapa mara mbili," anasema Imalingat, sasa hacheki, "ni leo ama basi," nayo ndiyo sentensi niliyokuwa naisubiri tangu asubuhi, ni leo ama basi, nami nitashuka kwenye kichuguu hiki taratibu, nitatikisa kichwa, nitasema imekataa, na Emoit atarudi Merikit na suti ya watu na mikono mitupu, na mkono mtupu haulambwi, watamsimulia kwenye kila chungu cha pombe mpaka azeeke, malipo ni hapa hapa duniani, kaka... maana ng'ombe hawa ni mimi, ng'ombe wa dada ndio wanaomwoza kaka, ndivyo kwetu, nimelijua hilo tangu nikiwa mdogo na sikulichukia, siku walipovuka mpaka kutoka Amukura, kwa kina Griffins, Emoit alikuwa anawapapasa nundu mmoja mmoja, ananiambia, dada umetutoa, umetutoa, nami nikaona fahari, mjinga mimi, hadi ile siku niliporudi Merikit mkono unaning'inia kama si wangu, hakuuliza nani amekufanyia hivi, aliuliza, "Umemwambia yeye kwamba unakuja huku?" na kabla plasta haijakauka vizuri akanipakia kwenye bodaboda yake kunirudisha Amukura, kila shimo la njia ile nililihisi ndani ya mfupa, "Tutarudisha ng'ombe na nini? Wewe vumilia tu, wanawake wote wanavumilia," akamsalimia Griffins kwa mikono miwili, wakaketi, wakanywa chai, na chai niliipika mimi, kwa mkono mmoja, na Emoit akaniomba nimwongezee sukari... "Dada?" "Inazunguka, ngoja kidogo." Sukari. Mama hakuniambia pole, mama alikuja Amukura mwezi ule ule, ng'ombe walishaanza kuingia kwenye chungu cha pombe mmoja mmoja kwa njia ya mdomo wa Emoit, mama akawa ameuza wote waliobaki, akafungua leso akanipa fedha, akasema, "Weka. Siku Emoit ataoa, utatoa," basi, akaangalia plasta yangu, akaangalia pembeni, nami nikaiweka, Kibindo kikanihoji kama padri, unaweza kuvumilia hasara kiasi gani, ndogo, ya wastani, kubwa, nikacheka peke yangu jikoni, nikabonyeza kubwa kwa kidole cha mkono wa kushoto, taja lengo lako, shule, nyumba, harusi, au andika lako, nikaandika Kutoka, na tangu hapo kila asubuhi kinaniamkia, habari za asubuhi Aanyu, Kutoka imepanda, pale nyumbani hakuna mwingine anayeniita kwa jina kabla ya kuniagiza kitu, na nikajifunza, nani alinifundisha, hakuna, hisa zikiyumba nahamishia vipande vyangu vya mfuko kwenye hati fungani za serikali, zikitulia narudisha, Griffins akidhani nasoma ujumbe wa kwaya, na mstari wa kijani ukapanda, ukashuka, ukapanda tena, ni mimi niliyeupandisha, halafu niuze leo nimtafutie Emoit mtu wa kumpikia... sibonyezi, wallahi sibonyezi... na nani huyu tena anakuja, ni yeye, Phiona, na gauni jipya, na chupa ya soda, anapiga magoti hapa chini ya kichuguu kwenye udongo mwekundu, mtoto mdogo namna hii, shingo kama ya kifaranga, "Wifi, shika soda," nami naipokea, anainamisha kichwa ili walio kule wasimwone mdomo, "Wifi, hiyo kitu ikikataa, si mbaya," nini, "Papa alisema ikikataa leo, nakwenda kusoma unesi, Tororo, walinipea nafasi," na macho yake, Mungu wangu, yana matumaini mpaka naangalia pembeni, halafu anauliza, haraka haraka, kama mtu anayeuliza choo kiko wapi, "Wifi, Emoit anapiga watu?" ... na kule Imalingat anakohoa, na mrija unagonga mdomo wa chungu, na kidole changu gumba kiko hapa juu ya kioo, Uza, imeandikwa kwa kijani, chini yake Ghairi, kwa kijivu, nami nilikuwa nimeshaamua, nilikuwa nashuka, ningesema imekataa na huyu angekuwa nesi, angevaa nyeupe, angewafunga plasta wanawake wa watu, kwa neno moja tu, bure, hata jasho lisingenitoka... neno moja... kumbe ni rahisi hivi. Kumbe siku ile pia ilikuwa rahisi hivi, Emoit angesema tu abaki, mama angesema tu abaki, ng'ombe wawili watatu warudi Amukura, watu waseme wiki moja wachoke, basi, mimi ningekuwa na mkono ulionyooka, na hakuna aliyelisema, miaka yote nimejiambia haikuwezekana, ndiyo mila, ndio mpaka, ndio ng'ombe, wangefanyaje, nimelala na hilo, limenipa usingizi, halafu huyu anapiga magoti na soda ya baridi anataka nimwonyeshe kwamba iliwezekana, anataka atoke kwa kidole changu, kwa kichuguu, na mimi mtandao wangu ulikuwa wapi, nani alinipandia kichuguu mimi... hapana. Hapana, mwanangu. Utaivuka njia ile kama nilivyoivuka. Nitauza vipande vya bei ya ng'ombe, hivyo tu, faida ibaki, Kutoka ibaki, hiyo ni yangu, na wewe utakuja Merikit na gauni lako, utamwogesha mama, utapika chai, utaongeza sukari, na siku utakayokuja kwangu na mkono unaning'inia nitakuuliza, umemwambia yeye kwamba unakuja huku? Nina chuki na msichana huyu kuliko niliyonayo na Emoit, nalijua, nalisikia kifuani, linapasha joto kama uji, na sioni aibu, aibu ningeiona nikimwacha aende... "Dada, imekuja?" Emoit amesimama sasa, mkono kwenye kola, vijiti vyote vya mtandao bado viko pale pale, kidole bado kiko hewani, chupa inanilowesha kiganja. "Inakuja," nasema. Na Phiona bado amepiga magoti, amenikodolea macho, anasubiri jibu lake, nami nainama na kumpangusa bega, ingawa halina vumbi. "Simama, wifi," namwambia. "Utachafua gauni."