Siku Aliyotwanga Noémie

Homa yenyewe ilikwisha kabla mvua za mwaka ule hazijakatika. Noémie alitoa jasho, akanywa uji, majirani wakamshukuru Mungu. Kilichofuata baada ya homa ndicho kilichomtisha. Aliamka asubuhi amechoka kuliko alivyolala. Akifua nguo za watoto wake wawili, kesho yake hawezi kuinua mkono achane nywele. Akienda sokoni na kurudi, mifupa inamuuma kama mtu aliyepigwa, na maneno yanampotea katikati ya mazungumzo. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kidogo, na kabla ya hapo alijulikana mtaani kwa nguvu zake.

Waliishi Kamina, karibu na stesheni, katika miaka ya mwisho ya Zaire. Mume wake, Gaston, alikuwa fundi wa reli, Muluba wa hapo hapo. Noémie alizaliwa kule base, kwenye kambi ya jeshi, binti wa askari aliyetoka mkoa wa Équateur. Baba yake alipokufa, mama yake, Likoke, hakuwa na njia ya kurudi kwao, maana ni upande wa pili wa nchi. Akajengewa kijumba nyuma ya nyumba ya binti yake. Likoke alichanganya Kiswahili na Kilingala, na kwa heshima ya ukwe hakumtazama Gaston usoni. Alikuwa mtu wa maneno machache. Majirani walidhani ni kiburi. Baadaye wakaanza kudhani kitu kibaya zaidi.

Hospitalini walimpima Noémie damu na makohozi, wakampiga picha ya kifua. Daktari, kijana mpole, alimwita Gaston pembeni. Hakuona malaria wala kifua kikuu, wala ule ugonjwa mwingine ambao siku zile watu waliogopa hata kuutaja.

"Banaiitaka fatigue chronique, kuchoka yenye haiishe," alisema. "Inaweza kukamata muntu kiisha homa. Hatuna dawa yake. Apumzike, asijilazimishe."

Gaston aliyapeleka maneno hayo kwa kaka yake Jéthro, aliyekuwa mkubwa wa ukoo tangu baba yao afariki. Jéthro alicheka.

"Kuchoka? Mu hii Zaire, nani hachoke?" Kisha akaacha kucheka. "Kama damu yake iko muzuri, basi iko muntu anamukula. Na ule muntu haiko mbali."

Walikuwa wamekaa uani, wakidhani Noémie amelala. Alisikia kila neno. Alijua aliyekuwa anasemwa uchawi ni mama yake. Baadaye mama yake alipoingia na bakuli la uji, Noémie alijikuta anauangalia ule uji bila kuugusa. Likoke aliona. Alichukua kijiko, akaonja yeye kwanza, akamrudishia binti yake. Noémie alikula huku analia, na aibu ile ilimuuma kuliko mifupa.

Jirani aliyekuwa anaingia nyumbani mle bila woga alikuwa mmoja tu, Saumu, mke wa mfanyabiashara, kutoka zile familia za Waislamu waliotoka Maniema zamani. Aliuza tangawizi na majani makavu ya kuchemsha. Shangazi yake aliwahi kuugua vilevile, miaka mingi.

"Ilipona?" Noémie aliuliza.

"Ilipungua. Sitakudanganya, dada. Hakupata mwili yake ya zamani. Lakini alizeeka, aliona bajukuu."

Saumu alimwonyesha alichokuwa akifanya shangazi yake. Kulala chini kabla uchovu haujafika, si baada. Kukaa kwenye kiti wakati wa kuosha vyombo. Kufanya kazi moja, kisha kuacha, hata kama mwili unasema uko tayari kwa nyingine. Uji wa mahindi na karanga asubuhi, sombe ya majani ya mihogo na samaki mchana, tangawizi kidogo kwa ajili ya kichefuchefu, na chai ya majani ya sinda, yaani mchaichai, jioni ili usingizi uje. Kongo bololo, yale majani machungu ya kutibu homa, akamkatalia. Ule uchungu ulikuwa umeshamtapisha mara kadhaa na kummaliza nguvu.

"Hii haiko dawa," Saumu alisema. "Njo namna ya kuishi nayo."

Kabla kiangazi hakijakwisha, Noémie aliweza kukaa uani asubuhi nzima akimenya mihogo bila kulipa kwa siku za kitandani. Akaanza kutumaini.

Ndipo Gaston alipoingia siku moja ametoka kazini, akafunga mlango, akakaa bila kuvua viatu.

"Jéthro ametuma muntu upande ya Kabondo-Dianda. Ataleta mufumu, mganga wa kuvumbua bachawi. Jumapili, kiisha misa."

"Mufumu wa kufanya nini?"

"Atanywisha mama yako dawa. Kama iko na mikono safi, atatapika. Kama haiko..."

Noémie alijua habari za dawa hizo. Kule base walisimuliana juu ya mwanamke mmoja wa kijijini aliyekunywa, akafa kabla ya kufika kwenye mlango wa nyumba alimonyweshwa. Waliokuwepo walisema imethibitika kuwa alikuwa mchawi.

"Na weye ulisema nini?"

Gaston aliangalia chini. "Ni kaka yangu."

Noémie alikwenda taratibu hadi kwenye kijumba cha nyuma. Alimwomba mama yake aondoke, apande gari ya moshi yoyote. Likoke alikuwa anakunja nguo.

"Gari iko wapi? Na kama nakimbia, batasema ni kweli. Kiisha batakuja kwako."

Mawazo ya Noémie, ambayo kwa miezi yalikuwa kama yamefunikwa na ukungu, siku ile yalitulia mahali pamoja. Mufumu alikuwa anakuja kwa sababu ya mgonjwa. Asipomkuta mgonjwa, hana kazi.

Siku zilizobaki hakuamka kitandani. Pazia lilishushwa. Hakufua, hakupika, hakuzungumza ila kwa kunong'ona. Saumu alileta uji, supu ya kuku, chai ya sinda, akawachukua watoto nyumbani kwake. Noémie alilala akizihesabu nguvu zake kama mwenye njaa anavyoupima unga, na hofu ikimtafuna kwa sababu hofu nayo inachosha. Kila alipomfikiria mama yake na kile kikombe, moyo ulikimbia, na kila moyo ulipokimbia alijua kuna kitu anakipoteza.

Jumapili alivaa kitenge chake kizuri. Aliposimama, miguu ilimkubali.

Jéthro alifika na wazee wawili wa ukoo na mtu mwembamba aliyevaa koti la baridi wakati wa joto. Yule alikuwa mufumu. Alibeba chupa iliyozibwa kwa gunzi la mahindi. Noémie aliwapokea mlangoni akicheka, akapiga magoti kuwasalimu, akainuka bila kushika ukuta. Aliwaletea maji ya kunawa, kisha bukari, ugali wa mihogo, na samaki wa ziwa Kisale. Jéthro alimtazama, akamtazama Gaston.

"Ulisema iko kitandani."

"Ilikuwa," Noémie alijibu. "Sasa niko muzuri, shemeji. Chakula itapoa."

Walikula. Jasho lilimtoka mgongoni chini ya nguo. Mufumu hakula. Alikuwa anamwangalia Noémie mikono.

"Muntu mwenye kukulwa anaweza kudanganya kwa saa moja," alisema. Alielekeza kidole kwenye kinu kilichokuwa uani, kando ya rundo la mihogo mikavu. "Atwange. Kama amepona, atwange hii mihogo yote."

Likoke, aliyekuwa amekaa chini nyuma ya wazee, alisimama ili auchukue mchi. "Miye nitatwanga."

"Usiguse!" mufumu alipiga kelele, na wazee wote wawili wakaruka.

Noémie alichukua mchi. Pigo la kwanza lilipanda hadi kwenye meno. Alitwanga. Mihogo ilipasuka, unga ukaanza kuruka. Mabega yaliwaka moto, kisha yakafa ganzi, na hapo ndipo alipoogopa zaidi, maana hakujua tena kama bado ameushika mchi. Aliona chupa miguuni mwa mufumu. Aliona miguu ya mama yake, mitupu, imebanana pamoja kama ya mtoto aliyeadhibiwa. Akatwanga.

Macho yalianza kuona giza pembeni. Alijua bado kidogo tu ataanguka.

Ni Gaston aliyesimama. Alivuka ua, akaokota chupa, akang'oa gunzi, akamwaga kila kitu mchangani.

"Gaston!" Jéthro alisema.

"Ulisema muke yangu anakulwa. Muke yangu anatwanga." Sauti yake ilipasuka. "Unataka aonyeshe nini ingine? Mutoke mu nyumba yangu."

Mzee mmoja alishika fimbo yake na kuinuka bila kumtazama Jéthro, na mwingine akamfuata. Mufumu alidai asiondoke mikono mitupu, wakabishana hadi barabarani. Noémie aliendelea kutwanga mpaka sauti zao zilipokwisha. Kisha mchi ukaanguka, na yeye akaanguka juu yake.

Alilipa. Kwa majuma mengi hakuweza kujigeuza mwenyewe kitandani. Mwanga ulimuumiza, sauti za watoto zilimuumiza. Likoke alimlisha kwa kijiko. Na hakuna mtu wa nje aliyetakiwa kujua. Mlango ulipogongwa, Saumu alijibu kwa sauti ya juu kwamba Noémie amekwenda shambani, huku Noémie amelala nyuma ya pazia, ameuma shuka asisikike anavyopumua.

Gari ya moshi ya kwanza ilipopita, Likoke alipanda kwenda Luena, kwa mjane wa askari aliyefanya kazi na mume wake. Hakuna aliyemfukuza. Alisema hawezi kuishi akisikiliza hatua za watu nje ya mlango.

Baada ya hapo Noémie alirudi kwenye kiti chake cha kuoshea vyombo, kazi moja, kisha kulala. Safari hii ilichukua muda mrefu zaidi. Mwaka mmoja baadaye aliweza kupika, akiwa amekaa. Jéthro alipita siku moja, akamkuta anacheka na watoto.

"Unaona?" alimwambia Gaston mbele yake. "Ule mama ameenda, na muke yako amepona."

Gaston alitaka kujibu. Noémie alimshika mkono. Alikuwa na maneno tayari, lakini alijua yatamgharimu nini, na kulikuwa na jambo jingine alilotaka kulifanya kwa nguvu zile.

Alipumzika kwanza, muda mrefu. Kisha Gaston akampeleka Luena, amelazwa kwenye mkeka kati ya magunia kwenye behewa, kichwa mapajani mwake.

Likoke alikuwa amesimama mbali, mwisho wa stesheni, kitenge kimemfunika hadi kwenye macho. Noémie alimwendea taratibu. Mama yake hakumkumbatia. Alitazama kwanza kila mtu aliyekuwa anashuka, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho.

"Hakuna muntu wa Kamina?" aliuliza.

"Hakuna, mama. Tuko sisi tu."

Ndipo Likoke akafungua mikono.