Aliyetembea Nyuma

Yai la baba nilikuwa nimeshalimenya. Nililiweka juu ya kifuniko cha chupa ya chai, nikalinyunyizia chumvi, nikamkanya mdogo wangu asiliguse, maana binti yule alikuwa na mkono mwepesi. Tulikuwa kileleni, jua la saa tano, upepo ukitupiga mgongoni, mimi na yeye na mama, na tulikuwa tunacheka. Hilo la kucheka ndilo linaloniumiza hadi leo. Chini yetu, kwenye njia ileile tuliyopandia, baba alikuwa anakufa peke yake.

Siku sita za juma baba alikuwa mpiga chapa. Kiwanda chao kilikuwa chini ya jengo, chumba kisicho na dirisha hata moja, taa zinawaka tangu asubuhi, mashine zinanguruma mpaka watu wanaongea kwa mikono. Alirudi na wino kwenye kucha na rundo la karatasi zilizoharibika, akatushonea madaftari. Mama alipolazwa miezi miwili, alijifunza kutusuka. Mistari ilikwenda kombo kama njia za panya, nasi tukaenda shule hivyohivyo, tena kwa maringo, kwa sababu alikuwa amesimama mlangoni anatutazama. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Lakini siku ya saba ikifika, alitutoa kitandani bila huruma. "Amkeni tukaoshe mapafu," alisema, na safari ya milimani imeanza.

Huko nje alikuwa mtu mwingine kabisa. Aliweza kupiga magoti robo saa nzima kumtazama kiwavi anavyokula jani. Majirani walimwita Kobe, naye jina alilipenda. Na alikuwa na utaratibu wake wa kutembea, ambao sijauona kwa familia nyingine yoyote. Yeye alikaa nyuma kabisa, na mfuko wa makoti ya mvua mgongoni, ili asipotee mtu. Kumrudia ilikuwa marufuku, atatukuta juu. Na aliye mbele ndiye mwenye neno: akisema twende, tunakwenda, akisema tupumzike, hata mama anakaa chini. Nilipofika miaka kumi na miwili alinipa mimi hiyo nafasi ya mbele. Nilivimba kichwa, siwezi kuficha.

Siku ile nilikuwa na miaka kumi na saba. Katikati ya mwinuko mama alisimama, akashika kiuno.

"Hebu turudi tukamwangalie baba yenu. Asubuhi alisema kifua kinambana."

Mimi nilikuwa nimeshakiona kilele. "Mama, si unamjua? Ameshapata kiwavi wake huyo. Twende."

"Hatua chache tu, mwanangu."

"Aliye mbele ni mimi."

Nilisema hivyo kwa sauti ya kijuaji, ile ambayo ukiikumbuka ukubwani unatamani kujizaba kofi. Mama alinitazama, akatazama nyuma, kisha akanifuata. Sheria ilikuwa ya mumewe, na miaka yote hakuna aliyewahi kuivunja.

Tulikaa kileleni karibu saa nzima. Tuliposhuka tukamkuta ameegemea mti, kiatu kimoja amekilegeza kamba, mfuko ameuweka kando vizuri. Mikono yake ilikuwa bado na joto. Hospitalini nilimzuia daktari kwenye korido, nikamuuliza, je, kama tungerudi mapema? Alikuwa mtu mwema. Alitafuta la kunifariji akalikosa. "Pengine," akasema, akanishika bega. Neno hilo moja nimelala nalo na kuamka nalo miaka kumi na minne.

Msibani sebule ilijaa mpaka watu wengine wakakaa barazani. Shangazi, dada pekee wa baba, ndiye aliyemlea tangu wafiwe na mama yao. Alisikiliza habari yote bila kukatiza, kisha akauliza polepole, "Nani aliyesema msimrudie?"

Nilifungua mdomo, mama akaniwahi.

"Mimi," mama akasema. Hakunitazama. "Ni mimi, wifi. Nilidhani ni kawaida yake."

Shangazi akachukua mkoba wake, akatoka. Nami nilikuwa na umri wa kutosha kusimama, kumkimbilia nje na kusema ukweli, na nikakaa pale pale nikiangalia vidole vyangu. Mama na shangazi walikuwa chanda na pete. Tangu siku hiyo hawakusemezana tena. Nilikuwa nakwenda kwa shangazi peke yangu, mara moja moja, napokewa vizuri, napewa kiti, na jina la mama halitajwi.

Niliwahi kujaribu, mara moja tu. Mama alikuwa jikoni. "Mama, siku ile kule mlimani..." Akanikata: "Kitunguu kinaungua." Wala hakikuwa kinaungua. Moyoni nilishukuru, mwoga mimi.

Mwezi uliopita mama naye akafa. Shangazi alikuja kwenye mazishi, akasimama getini, akaondoka kabla watu hawajamaliza kufukia. Baada ya wiki mbili nikaenda kwake. Nilimkuta anapiga pasi mashuka, na sikusubiri hata kukaribishwa kiti.

"Shangazi, aliyesema tusirudi ni mimi. Mama alitaka kurudi. Alinisitiri."

Alisimamisha pasi wima, akachomoa waya. "Najua," akasema.

"Ulijua?"

"Baba yako alikuwa ananihadithia kila juma mlivyotembea. Nani kachoka, nani kaanguka, nani yuko mbele. Tangu una miaka kumi na miwili ni wewe tu, wewe tu, mpaka ananichosha kwa majivuno yake. Mama yako aliposema 'mimi', nilijua hapo hapo."

"Sasa mbona ulimnunia yeye?"

"Ningemnunia nani?" Alikaa kwenye kiti ambacho sikukikalia. "Hasira nilikuwa nayo, mwanangu, kubwa, na ilikuwa lazima imwangukie mtu. Wewe una macho ya baba yako. Mama yako akajitoa, nami nikamwachia mzigo. Nikasema hasira ikiisha nitakwenda kwake. Nitakwenda mwakani. Kisha nikaona aibu ya kukaa kimya muda wote ule, nayo ikawa mbaya kuliko hasira."

Alikunja ncha ya shuka, akaikunjua, akaikunja tena. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Hakuwahi kuniulizia?"

"Kila nikitoka hapa aliniuliza kama goti lako limepona," nikamwambia. "Lile ulilopasuliwa."

Shangazi alilishika goti kwa mikono miwili.

"Lilipona," akasema. "Lilipona mwaka uleule. Si ungemwambia?"

"Nilimwambia, shangazi. Akawa anauliza tena."