Mteja Aliyechota Tope

Alcide Verret alikuwa akilala usingizi mzuri mpaka binamu yake, Leufroy, naye aliponunua boti na kuanza kupeleka wageni kuvua kama yeye. Tangu hapo, kila majani yalipotikisika katika vinamasi vya kusini mwa Luiziana, Alcide alihisi ni Leufroy anamchungulia.

Basi asubuhi moja mteja wake, Bwana Tollefson wa Minnesota, mzee mrefu mwenye kofia ya kufungwa kidevuni, alipoanza maswali kabla hata boti haijaondoka gatini, Alcide alimtazama kwa jicho la pembeni.

"Mfereji huu una upana gani?"

"Inategemea."

"Na maji yakijaa yanafika wapi?"

"Yanafika yanapofika, mzee wangu."

Tollefson akapiga picha. Kisha akainama, akachota tope la ukingoni kwa kijiko, akalitia kwenye chupa ya jamu na kufunika.

Alcide akamkodolea macho. Mvuvi gani anachota tope? Huyu katumwa na Leufroy! Alcide alikuwa na kighuba chake cha siri, samaki wekundu wanakofuata kaa, na akaapa kwamba jasusi huyu hatakiona. Akageuza usukani, akampeleka kwenye bwawa nyuma ya bomba bovu la mafuta, maji ya magotini, hamna kitu ila mbu.

"Hapa ndipo penyewe," akasema bila kupepesa macho.

Tollefson akarusha mshipi ovyo, ndoano nusura iondoke na sikio la Alcide. Chambo kikaanguka pwaa! Maji yakafumka, ule ufito mwembamba wa mshipi ukapinda kama upinde, na baada ya kuvutana sana akatoka samaki mwekundu mnene kama mto wa kulalia.

"Huyu ni wa kawaida?" akauliza mzee, akihema.

"Wa kawaida," akadanganya Alcide.

Akaja wa pili, akaja wa tatu. Kwa raha ile hakuna aliyekumbuka kwamba maji yanakupwa, mpaka boti ilipokaa juu ya tope na kutulia kama kuku anayeatamia. Alcide akachukua upondo, akasukuma kwa nguvu zote. Upondo ukazama, naye akaufuata, akatumbukia topeni mpaka kiunoni.

"Nikupige picha?" Tollefson aliuliza kwa adabu.

Alcide akanyoosha mkono botini, akachukua redio, lakini hakuitikia mtu ila Leufroy. "Uko wapi, kaka?"

"Nyuma ya bomba bovu."

"Unafanya nini huko? Huko hata nyoka hawaendi!"

"Nampumzisha mteja."

Leufroy akafika na boti yake bapa, akakaa kwanza acheke hadi machozi, ndipo akarusha kamba. Alcide alikuwa amekwisha kuwafunika samaki kwa koti. Lakini Tollefson, mtu wa watu, akalifunua. "Tazama, bwana!"

Kicheko cha Leufroy kikakatika.

"Usijifanye hujui," Alcide akafoka kutoka topeni. "Si wewe uliyemtuma apeleleze?"

"Mimi? Nimtume mtu akae na wewe asubuhi nzima? Sina ukatili huo!"

Tollefson akawatazama wote wawili, akashika chupa yake kwa haya. "Nina treni za kuchezea nyumbani, kwenye chumba cha chini ya sebule. Reli inapita kwenye kinamasi nilichokitengeneza mwenyewe. Mke wangu anasema tope langu linafanana na chokoleti. Nilitaka nipate rangi yenyewe."

Alcide akaishika kamba. Akavutwa, akapanda, boti yake ikanasuliwa, akarudi gatini akidondosha uchafu njia nzima.

Kesho yake, bila mteja, akanyemelea bwawani kulipopambazuka. Leufroy alikuwa keshafika, mshipi majini.

"Nilikuwa napita tu," akasema Leufroy.

"Unapita kwenda wapi? Hapa ndio mwisho wa njia!"

Wakavua, huyu upande huu na yule upande ule, wamepeana migongo. Mpaka adhuhuri hakuna aliyedonolewa hata chambo. Leufroy akasogeza boti, akafunua sufuria ya mchuzi wa bamia na kamba.

"Unakula, au unaendelea kununa?"

Alcide akala mpaka akakwangua sufuria, akilalamika kila tonge kwamba shemeji yake, mke wa Leufroy, anazidisha pilipili.