Ngobyi ya Kutoka Bijombo

“Mama Muhire, mtu wa sukari anaishi miaka ngapi?”

Capitoline, jirani yake, alimuuliza Mukabalisa hivyo siku moja juu ya ua wa matete, huku anageuza ndagala zake, samaki wadogo wa ziwani, juani. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa mtu wa Mutarule, Mkatoliki wa rozari asubuhi na jioni, na watu wa kule bondeni wakitaka kujua kitu wanakiuliza tu. Mukabalisa alisimama na jagi la maji mkononi, akahesabu. Mume wake, Rukundo, alikuwa ameishi miezi kumi na minne tu tangu siku walipoambiwa damu yake iko na sukari, akafa. Yeye mwenyewe, siku ile ya swali, alikuwa na majuma matatu tu tangu aambiwe hivyohivyo.

“Mungu ndiye anajua,” alisema mwishowe.

“Mungu anajua,” Capitoline akakubali. “Lakini weye unakula nini?”

Hilo la pili ndilo lililomkaa kichwani miaka yote iliyofuata.

Kwa watu wake, watu wa ng’ombe wa kule juu Bijombo, mgonjwa hupewa maziwa hata kabla ugonjwa wake haujapata jina. Rukundo alipougua, nesi aliwaambia wapime: maziwa kikombe kimoja, bugali kiasi cha ngumi, vidonge kila siku. Mukabalisa akapima. Rukundo akameza vidonge miezi kadhaa, mwili ukarudi, akajisikia mzima, akaviacha, kama mtu anavyoacha dawa ya malaria homa ikitoka. Kisha akapanda mlimani kusalimia ng’ombe wa kaka yake, na huko akaanguka.

Walimbeba kwa ngobyi, kile kitanda cha kusuka ambacho wanaume wanne hukiweka mabegani, wakashika njia ya hospitali ya Lemera. Njia yote alilia kiu. Njia yote kaka yake mkubwa, Gakunzi, alimnywesha maziwa ya kibuyu kwa mkono wake mwenyewe. Hawakufika.

Kwenye matanga maneno yakazunguka. Mwanamke gani anampimia mume wake maziwa? Alimkausha, walisema, alimtuma kwetu akiwa amekwisha. Gakunzi hakulisema neno hilo mbele ya Mukabalisa, lakini lilisemwa yeye Gakunzi akisikia na hakulikataa. Mjane akashuka nalo mpaka nyumbani kwake Uvira, akaishi nalo miaka sita. Aliimba kanisani nalo, akachota maji nalo.

Mwaka huu, mwezi wa pili, alikanyaga kaa la moto jikoni na hakusikia kitu, maana sukari ilikuwa imeshaitia miguu yake ganzi. Alijua kwa harufu. Alipoinua mguu wa kushoto, ngozi chini ya vidole ilikuwa imeshaungua. Kufika juma la pili kidonda kilikuwa kimekwenda ndani, na Eliane, nesi wa sentre ya afya, hakumficha. Alimwambia sukari yake iko juu, kipimo kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu kimetoa kumi na moja, na kinatakiwa kisipite saba. Sukari isiposhuka, kidonda hakifungi. Kidonda kisipofunga, watakata juu ya kifundo.

Mukabalisa hakulia pale. Alifika nyumbani, akafunga mlango, akamwambia Mungu kwamba hamuombi miaka. Anaomba kipimo cha siku moja, na kesho atarudi kuomba kingine.

Akaanza. Alichukua kikombe cha plastiki, cha kijani, akakifanya mtawala wa nyumba. Maziwa yasizidi pale. Akinywa maziwa, bugali unapungua. Akila bugali, maziwa yanangoja. Sahani ijae mboga ya lengalenga na ndagala. Vidonge vilipanda na kushuka kama Eliane alivyoagiza, kidonda kilisafishwa kila siku ya pili, na alikaa mguu juu ya kigoda hata pale nyumba ilipotaka kufagiwa. Asubuhi na jioni alijichoma kidole, akaandika namba ya mashine ndogo ya kupimia sukari nyuma ya daftari lake la nyimbo za kanisa.

Lililokuwa gumu kuliko yote ni lile la mama wa maombi wa kanisa lake. Walikuja wakamwambia wamepanga siku tatu za kufunga kwa ajili ya mguu wake, bila chakula wala maji, naye awe wa kwanza. Aliwashukuru. Akawaambia: “Nyinyi mufunge. Minye nitakula saa sita kamili na nitaomba nikiwa nimeshiba.” Mmoja aliuliza kama imani yake imekauka. Akajibu kwamba imani iko, kinachokauka ni kidonda, waendelee tu kuomba. Capitoline alicheka peke yake nyuma ya ua mpaka akashika tumbo.

Na kweli kikakauka. Kilikuwa kama kifuniko cha soda, kikawa kama punje ya hindi, kikawa alama. Mwezi wa sita Eliane alisoma kipimo cha miezi mitatu, akakisoma tena, akaita wenzake waje waone. Saba. Alimshika Mukabalisa mikono miwili na kumwambia arudi nyumbani na miguu yake yote.

Lakini habari za kwenda mlimani hutembea na njia, na njia miezi ile ilikuwa mbaya. Iliyofika Bijombo ni ile ya zamani, kwamba mjane wa Rukundo atakatwa mguu. Wakubwa wa ukoo wakakaa. Wakaamua aletwe.

Mukabalisa alikuwa anarudi kutoka bombani, beseni la maji kichwani, Capitoline aliposogea kwenye ua na kumwambia polepole, “Mama Muhire, angalia nyuma.”

Wanaume watano walikuwa wanapanda barabara. Wanne walikuwa vijana, wamebeba ngobyi, blanketi limekunjwa vizuri juu yake. Mbele yao alitembea mzee wa kofia na fimbo ndefu, kibuyu begani. Alikuwa Gakunzi, amezeeka. Akamkaribia yule mwanamke mwenye beseni bila kumtambua, akasalimu, akauliza:

“Mama, tunatafuta kwa Mukabalisa. Mgonjwa iko nyumba gani?”

Mukabalisa aliteremsha beseni bila kumwaga hata tone.

“Mgonjwa ni minye, shemeji. Karibuni ndani, mupumzike. Mumebeba kitu kizito.”

Capitoline alijificha na kicheko chake nyuma ya wavu wake wa ndagala.

Ndani, Gakunzi alikaa, ngobyi ikasimamishwa ukutani. Alieleza kwa urefu namna walivyokaa na walivyoamua, na jinsi walivyolala njiani mara mbili. Alitaka Mukabalisa apande nao kesho alfajiri, nyumba ifungwe, apumzike kwao siku zilizobaki, kisha azikwe karibu na Rukundo.

“Tumekuja ungali mzima,” alisema. “Mtu wa kwetu hazikwi vipande.”

Mukabalisa alivua kiatu, akaweka mguu juu ya kigoda. Mzee aliinama, akatazama vidole vitano na ile alama. Akamwambia aonyeshe mwingine, labda amekosea. Akaonyeshwa. Vijana wakatazamana, mmoja akatazama ngobyi.

Gakunzi hakuwa mtu wa kushindwa upesi. Alifungua kibuyu, akajaza bilauri kubwa mpaka juu, akampa kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Kukataa maziwa yaliyotoka nyumbani, yaliyobebwa siku tatu, ni kukataa ukoo.

Mukabalisa aliipokea kwa mikono miwili. Akaiweka mezani, akachukua kikombe cha kijani, akamimina humo kiasi chake, na bilauri akampa kijana aliyekuwa karibu.

“Bado unapima,” Gakunzi alisema.

“Bado ninapima, shemeji. Ndiyo maana umenikuta.”

Kabla ya kunywa alijichoma kidole mbele yao. Mashine ikaonyesha mia moja na nne. Akashukuru kwa sauti, akanywa mpaka mwisho, akawapakulia bugali na ndagala. Yeye akala lengalenga na ndagala, bugali hakuugusa. Kisha akatembea na shemeji yake mpaka kanisani na kurudi, na kwenye mpando ni mzee aliyeomba wasimame. Mukabalisa aliuliza habari za ng’ombe, za ndama, za majani. Zilipofika saa mbili tangu anywe kikombe, wakaingia ndani na akajichoma tena.

Mzee alisogeza mashine mbali na macho. “Inasema nini?”

“Mia moja arobaini na sita. Ni vizuri. Eliane angefurahi.”

Gakunzi aliishika ile mashine muda mrefu. Alikuwa na mikono mikubwa, ya mtu aliyekamua maisha yake yote.

“Na ungekunywa kibuyu chote?”

Mukabalisa alilijua swali hilo kabla halijafika. Miaka sita alikuwa na jibu lake tayari, lenye makali, la kumrudishia. Sasa alimtazama, akaona jibu lenyewe limeshamfikia bila yeye kulitupa.

“Ingepanda,” alisema kwa upole. “Na kiu ingepanda nayo.”

“Alilia kiu njia yote.”

“Alikuwa ameacha vidonge kabla hajafika kwako, shemeji. Ugonjwa ulikuwa umeshamshika. Weye ulimpa kilicho kizuri kwetu, na hakuna mtu aliyekuwa amekuambia.”

Mzee aliweka mashine mezani taratibu, kama yai. Akasimama, akavua kofia, akawageukia wale vijana wanne, maana neno lililosemwa mbele ya watu hufutwa mbele ya watu.

“Sikieni, na mukifika museme. Mwanamke huyu hakumnyima ndugu yangu kitu. Alikuwa anamlinda, na sisi hatukumsaidia.”

Mukabalisa alishika ukingo wa meza. Machozi aliyoyazuia tangu mwezi wa pili yakashuka yote.

Gakunzi alikiacha kibuyu mezani, kando ya kikombe cha kijani. Vijana waliinuka kuchukua ngobyi, lakini aliwazuia kwa kiganja. Akaibeba begani mwake mwenyewe, blanketi likiwa bado limekunjwa, akainamisha kichwa mlangoni, akatoka nayo tupu kurudi Bijombo.